Cherehani na Ukuta

Siku ya kumi baada ya tetemeko kuuangusha mji jirani, mshonaji aliamka akaendelea na kazi yake. Chumba cha pili alikuwa amewapa wageni kutoka mji huo: mama mmoja na binti yake wa miaka minane.

Alikanyaga cherehani. Ngo, ngo, ngo. Mtu alikuwa akigonga ukuta wa chumba cha pili. Akaacha kukanyaga. Kimya. Akakanyaga tena. Ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Alichungulia chumbani. Binti alikuwa amelala. Mama yake ameketi sakafuni, sikio limebanwa ukutani, kijiko mkononi. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakumwona mshonaji.

"Baba watoto, hawa wamekuja na kitu," mshonaji alimwambia mumewe.

"Kitu gani? Wamekuja na mfuko mmoja tu."

Lakini tangu siku hiyo, hata mumewe chai yake aliinywea nje.

Jirani yao alikuwa muuguzi. Walipomweleza, aliingia na mshonaji kwa mgeni, akaketi mbali kidogo.

"Dada, mimi ni muuguzi. Uko kwa mshonaji. Nyumba imesimama. Nipo hapa nawe."

Hakumuuliza neno. Kisha mgeni akasema, "Tulifukiwa siku mbili. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nikigonga, ananijibu. Ardhi ikatikisika tena. Nikagonga. Hakujibu."

Walipotoka, muuguzi alimwambia mshonaji, "Si pepo, wala si wazimu. Cherehani yako inatikisa sakafu. Mwili wake unadhani ni tetemeko."

"Nimwambie asahau?"

"Hapana. Wala usimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, msikilize. Mjulishe kabla ya kelele yoyote. Muulize anahitaji nini. Wiki zikipita na bado halali wala hali chakula, mlete kliniki."

Mshonaji alimuuliza. Mgeni aliomba mlango wa chumba uachwe wazi, basi. Cherehani ikahamishiwa barazani. Kila asubuhi mshonaji aliita, "Dada, naanza kushona."

Kugonga hakukukoma siku ile. Kulipungua kidogo kidogo, hadi siku nzima ikapita kimya.

Asubuhi moja mgeni alitoka na bintiye, akaketi barazani.

"Mume wangu hakujua kuimba hata kidogo," alisema. "Lakini hakuacha. Majirani walikuwa wakifunga madirisha."

Binti akacheka. Hakuwa amecheka tangu waje.

Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani, akamsikiliza mgeni mpaka mwisho.