Kapteri ya Sita

Saa kumi na moja jioni nilizima pikipiki mbele ya nyumba ya Marcellin, mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila. Nilikuwa nimetoka Kasongo siku mbili nyuma, na matope yalinifika magotini. Jina langu ni Ruphin, fundi wa umeme wa jua.

Kazi ilikuwa ndogo. Marcellin alikuwa ameagiza vipimajoto sita vyeupe, vidogo kama kifuniko cha chupa, akaviweka mwenyewe. Sisi mafundi tunaviita kapteri. Vinakaa ndani ya vyumba, joto likipanda feni zinawaka zenyewe. Shida ni kwamba kwenye telefone zote sita zilionekana kwa namba ndefu tu. Haikujulikana ipi iko wapi.

Unaishika kapteri kiganjani, unaipasha moto, unatazama namba gani inapanda. Ukiijua, unaandika jina kwenye telefone, unabandika karatasi juu yake.

Saloni. Jikoni. Koridori. Chumba cha Baba. Ya tano ilikuwa ya Esther-Divine, binti yao wa miaka sita. Alikuwa amelala usingizi mzito, nami nikaandika jina lake polepole nisimwamshe.

Ikabaki moja. Ilionyesha digrii thelathini na moja, na vyumba vilikuwa vimekwisha.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kuitafuta. Kulikuwa na depo ndogo ya matofali, ghala iliyoshikana na nyumba, lakini haikuwa na mlango. Mahali pa mlango palikuwa pamejengwa, na simenti ilikuwa bado nyeusi kwa unyevu.

Ko. Ko. Ko.

Nilisimama.

"Maji..." Sauti ilikuwa kavu, kama majani makavu yanayosuguana. "Kidogo tu..."

Célestine, mke wa Marcellin, alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka.

"Usijibu," akanong'ona. "Ni mama mukwe wangu, Mama Amisa. Leo siku ya tatu."

"Alifanya nini?"

"Mutoto wetu wa kwanza alikufa. Mutabiri akasema huyu mama ndiye alimukula. Akasema muchawi hauawi kwa mukono, anafungiwa mpaka apoe mwenyewe. Mutu akimufungulia angali na moto, roho yake inaruka, inamuingia." Akaanua nguo nyingine. "Marcellin alimufunga kapteri moja kwapani. Ajue akipoa, bila kufungua."

Nikatazama telefone. Thelathini nukta sita... Halikuwa joto la chumba.

Marcellin akatokea kwenye kona, anachokonoa meno.

"Fundi, umemaliza?"

"Inabaki moja, patron."

"Ile iko pahali pake. Andika *Mama*."

Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na nyundo. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, simenti mbichi. Mapigo kumi yangetosha. Nasema hivi ili mujue nilikuwa mtu wa namna gani.

Nikaandika. Herufi nne.

Tulikaa barazani. Marcellin alininyang'anya telefone yangu, akaitazama kama mtu anayefuata mpira. Thelathini. Ishirini na tisa. Kule nyuma kugonga kulipungua... kukawa kama kukwaruza... kukakoma. Jua lilipozama namba ilikuwa ishirini na sita, sawasawa na hewa ya uwanjani.

"Imekwisha," akasema, akacheka. "Sasa ni kama ukuta."

Kisha Saloni ikapanda.

Ishirini na saba. Thelathini na moja. Thelathini na sita. Tuliiona saloni yote kupitia mlango ulio wazi. Hapakuwa na mtu.

Ikashuka. Koridori ikapanda.

Joto lilikuwa linatembea. Taratibu, kwa mwendo wa mtu mzee. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeyaandika majina yale, tukaweza kulifuata chumba kwa chumba.

"Ni jua," nikasema. "Kuta zilishika jua."

Akaisogeza telefone karibu na uso. Joto lilipita Chumba cha Baba bila kuingia.

Esther-Divine. Thelathini na saba.

"Marcellin..." Sauti ya mtoto ilitoka ndani. Mtoto gani anamwita baba yake kwa jina? "Marcellin, maji. Kidogo tu."

Baba yake aliingia. Nilidhani anaenda kumkumbatia. Akarudi na ile kapteri ya ukutani, akaniwekea kiganjani, na jina la binti yake likiwa bado limebandikwa.

"Umufunge kwapani," akasema. "Matofali ya kumujengea yanabaki."

Hapo ndipo nilipoitupa. Nilichelewa, lakini niliitupa.

Célestine alikuwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni, mtoto mgongoni. Tuliondoka watatu kwa pikipiki, njia ya Kabambare. Marcellin hakutufuata. Alibaki barazani na telefone yangu, uso wake ukimulikwa na zile namba.

Baada ya mto wa kwanza Célestine alimweka mtoto katikati yetu apumzike. Kifua chake kilinichoma mgongo. Mdomo ukanikaribia sikioni, pumzi yenye harufu ya simenti mbichi.

"Fundi. Ulinisikia."

Wiki iliyofuata watu wa kanisa waliubomoa ukuta, wakamzika Mama Amisa. Marcellin alikimbilia machimboni, mpaka leo hajulikani aliko. Célestine anakaa Kabambare kwa kaka yake. Anasema chumba cha mtoto kiligawana ukuta na depo, kwamba mtoto alisikia siku zote tatu, akayashika maneno. Muuguzi alimpima, hana homa. Anasoma, anacheza kamba na wenzake.

Ningependa kuamini. Lakini kila nikipita kuwasalimia, Esther-Divine anangoja mama yake aingie jikoni. Kisha ananishika mkono, kwa upole, kama mtu anayemsamehe mjinga.

"Mutoto wangu," ananong'ona, "utanifungulia lini?"