Jenereta la Fundi Cherehani

Apa kwanza hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa, ila tumbo langu halilali na siri.

Shoga yangu, fundi cherehani, alinunua jenereta la mtumba lenye magurudumu. Umeme ukikatika hulipeleka mwisho wa ua, maana moshi wake huua mtu usingizini. Lakini kila akienda kulizima, hulikuta chini ya dirisha la mama yake mgonjwa, na mama huko ndani anatapika, kichwa kinampasuka.

Akamshuku wifi yake. "Unamuua mama upate chumba!"

"Mimi? Hata ufagio unanishinda, nitasukuma dubwana lile?"

Jana magharibi umeme ukakatika tena. Shoga akalifunga jenereta kwa mnyororo kwenye nguzo, akaliwasha, akatukusanya sote sebuleni. Wifi akamshika mkono, hamwachii.

Mngurumo ukaanza kusogea. Taratibu. Gurudumu likalia kwii, kwii.

"Haya nitaje tena," wifi akanong'ona.

Tukafungua mlango, tukamulika. Uani hapakuwa na mtu. Jenereta lilikuwa kizingitini, gurudumu moja limeshapanda ndani, mnyororo ukiburuzika nyuma. Taa ilipolipiga, likanyamaza ghafla, kama mwizi aliyefumaniwa.