Yai kwenye Ukuta wa Bigwa

Watu walicheka kwanza.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye ukuta wa tawi la mashabiki wa Bondwa FC, pale Bigwa. Abdulswamad, kijana mchora mabango, alikuwa amelala chini ya ngazi yake iliyoanguka. Uso wake ulikuwa mweupe kwa rangi. Ndala zake zimewekwa pembeni, moja kando ya nyingine, kama za mtu aliyeingia msikitini.

"Njooni muone!" akaita aliyefika wa kwanza. "Yai limemlaza fundi!"

Yai ndilo jina walilokuwa wameipa nembo mpya ya timu. Ile ya zamani ilikuwa na mlima, ndege kanga chini yake, na nyota saba juu. Mpya ilikuwa duara jeupe lenye herufi B katikati, basi. Tangu itangazwe Jumatatu, Bigwa haikulala. Wamemchinja kanga wetu. Nembo ya duka la mayai. Aliyeichora ana njaa. Na Abdu, ambaye hakuitunga bali alilipwa kuipaka ukutani tu, ndiye waliyekuwa wanamwona kwa macho, kwa hiyo ndiye waliyemtukana.

Sasa wakamzunguka. Mmoja akamrushia ganda la chungwa. Likamgonga shavuni, likabaki hapo, watu wakashangilia kama bao. Mwingine alikuwa ameshafungua simu, anarusha yote moja kwa moja. "Mlevi wa klabu huyu hapa, wananchi! Kalewa mpaka kavua viatu!"

Dakika kumi na moja zilipita hivyo. Kisha Pili akatoka uani na beseni lake.

Pili alikuwa mfuaji wa jezi za timu, na alifulia nyuma ya tawi hilohilo. Hakuwa mtu wa maneno. Aliweka beseni chini, akainama, akamgusa Abdu shingoni.

"Mnamcheka maiti," alisema.

Kicheko kikakatika. Yule mwenye simu hakuizima.

Pili hakuinuka mara moja. Aliangalia. Mdomo wa Abdu ulijaa rangi nyeupe ya mafuta mpaka ikamwagika kidevuni. Macho yalikuwa yamefumbwa. Alilalia ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini, mgongo ameupa mlima. Na vidole gumba vya miguu yake vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe wa kitambaa cheupe, mwembamba.

Alitaka kulisema hilo. Lakini nyuma yake watu walishaanza kutaja jina la mdogo wake.

*

"Hii sauti ni yako?" aliuliza Sajenti Kasimiri.

Ilikuwa saa mbili kasoro. Mwili ulishachukuliwa. Sajenti, mtu mzima mwenye rozari mfukoni ambaye hakuwa ametimiza mwaka Morogoro, alikuwa amekaa kwenye benchi la tawi na simu mkononi. Mbele yake alisimama Mansuri, mkuu wa hamasa, mpiga ngoma wa timu, mdogo wake Pili wa tumbo moja. Simu ikasema kwa sauti ya Mansuri: *Atakayepaka yai lile kwenye ukuta wetu, wallahi ataninywea hiyo rangi.*

"Ni yangu, afande. Ila ni maneno ya mpira."

"Na amekunywa."

"Maneno ya mpira, afande! Mimi nimeshasema refa nitamla nyama. Nimemla?"

Kuna aliyecheka. Sajenti alimtazama mpaka akanyamaza.

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala nyumbani. Muulize dada."

"Dada yako atasema nini kingine? Nyoosha mikono."

Kucha za Mansuri zilikuwa na rangi.

"Hiyo ni nyekundu, afande," alisema Pili. "Jana jioni aliandika matusi ukutani, na mimi nilimgombeza. Aliyemnywesha Abdu alishika nyeupe. Rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni, mimi nafua, naijua. Mtazame kama ana hata tone la nyeupe."

"Kuna petroli, binti. Na marehemu alifungwa miguu asikimbie. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye nguvu na hasira." Akampa askari wake ishara. "Jumatatu atasomewa shtaka la mauaji."

Mansuri alipopandishwa gari, watu walewale aliowapigia ngoma miaka sita walimzomea. "Muuaji! Muuaji!" Mmoja alimtemea mate. Pili aliona ni nani, akalihifadhi hilo pia.

*

Jumamosi asubuhi alipeleka chai na mihogo kituoni. Mansuri alikuwa amevimba jicho.

"Mahabusu wenzangu ni wa Bondwa," alisema. "Dada, wataninyonga mimi?"

"Kunywa chai."

"Niambie."

"Hawatakunyonga. Kunywa chai yako."

Aliporudi alipitia ile video iliyorushwa moja kwa moja, mara nne, ameegemea kamba ya kuanikia. Alichokuwa anatafuta ni mikono. Kwa dakika kumi na moja hakuna mtu aliyemgusa Abdu, walimrushia tu. Basi walivyomkuta ndivyo alivyoachwa: macho yamefumbwa, vidole vimefungwa, ndala zimepangwa.

Saa nne alikuja Allen, msemaji wa klabu, aliyeitunga ile nembo kwenye kompyuta yake. Alikuja kwa bodaboda, kofia kaivuta mpaka machoni. Watu walikuwa wamesema walimsikia Jumatano akigombana na Abdu palepale ukutani.

"Naomba usiwaambie niko hapa," alisema. "Wameniahidi kunivunja vidole."

"Uligombana na Abdu kwa nini?"

"Si mimi, yeye. Alikataa kupaka bila nyota. Mimi nikamwambia nyota ni mapambo ya kizamani. Akanijia juu: 'Si mapambo, ni watu.' Mwisho nikamchoka, nikamwambia ziweke unavyotaka, ila ndogo."

"Watu gani?"

"Anasema ni mashabiki saba waliokufa kwenye lori, Mikese, wakitoka kwenye mechi Dar. Mimi sikujua, Pili. Hata viongozi hawakujua. Tulidhani ni makombe."

"Ijumaa alfajiri ulikuwa wapi?"

"Mikese hapohapo. Basi la timu lilipasua tairi mbili, tumelala kwa mama lishe. Waulize wachezaji wote. Sajenti ameshawauliza."

Pili alikuwa na miaka minne lori lile lilipopinduka. Alikumbuka vilio tu, na kwamba miili yote saba ilioshwa na mtu mmoja, Mzee Kibwana, muosha maiti wa Bigwa, na wa kwanza kumuosha alikuwa mwanawe mwenyewe, Rehani.

Akakumbuka na jingine. Alhamisi jioni vijana walikuwa benchini wanasikiliza sauti za kundi la WhatsApp, mia nne na zaidi. Mzee Kibwana alipita akasimama. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na nyota je? Kuna aliyezitaja?" Mansuri akamjibu, "Mzee, nyota za nini? Sisi tunadai ndege wetu!" Wakaangua kicheko. Mzee naye alitabasamu, akaenda zake.

Mchana ule mwili ulitoka hospitali. Daktari alikuwa ameandika kwamba Abdu alivunjika nyonga kwa kuanguka, lakini rangi ilimfika mapafuni. Maana yake aliponyweshwa alikuwa anapumua. Mwili ulioshwa na Mzee Kibwana. Alikaa nao muda mrefu kuliko kawaida, akautoa umetulia, mdomo safi, na watu wakasema mikono ya mzee huyu ina baraka.

Jioni mke wa mzee alileta nguo za kufua, kama kila wiki. Kila wiki zilikuwa kanzu tatu. Pili alizitoa kwenye mfuko.

"Bibi, shikamoo. Zimekuja mbili."

"Marahaba. Ya tatu kasema imechanika."

"Nitaishona basi, nileteeni."

"Mwenyewe kasema niache," alisema bibi, na hakumtazama.

*

Jumapili saa tisa alasiri, Pili alimkuta Sajenti Kasimiri anatoka kanisani.

"Afande, ukitaka mtu asikimbie unamfunga wapi?"

"Vifundoni mwa miguu."

"Abdu alifungwa vidole gumba. Sisi Waislamu hivyo tunamfunga maiti, miguu isiachane kabla hajakakamaa. Tunamfumba macho. Tunamlaza uso kibla, na kibla kwa hapa ni kaskazini. Aliyemuua hakumfunga ili amuue. Alimuua, halafu mikono yake ikafanya inachokifanya siku zote."

Sajenti aligusa rozari mfukoni. "Nyie wote mnajua mambo hayo. Na mdogo wako anajua."

"Anajua. Lakini nani anaamka na utepe wa bafta mfukoni? Bafta ni kitambaa cha sanda, afande. Mansuri mfukoni ana filimbi. Unao bado ule utepe?"

Alikuwa nao.

Mzee Kibwana walimkuta barazani, peke yake, anachana bafta mpya. Walipiga hodi.

"Shikamoo, babu," alisema Pili.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea kanzu?"

"Nimeleta mbili. Nimekuja kuulizia ya tatu."

Mzee aliendelea kuchana. Kitambaa kilitoa sauti ndefu.

"Imechanika."

"Iliyochanika haitupwi, babu. Nionyeshe tu."

Sajenti alikuwa ameona sanduku wazi karibu na mguu wa mzee, na ndani yake kipande cha zamani cha bafta kilichoanza kutumika. Aliomba ruhusa, akakitoa, akalaza utepe wa ushahidi kwenye ukingo wake uliochanika. Ulichongoka palipoingia, ukaingia palipochongoka. Uzi mmoja uliotoka nje upande huu ulikuwa na nafasi yake upande ule.

Hapo mzee aliinuka mwenyewe. Aliingia ndani, Sajenti mgongoni kwake, akatoka na kanzu. Kifua na mikono yote miwili vilikuwa vimekauka kwa rangi nyeupe, vigumu kama ubao. Akaiweka juu ya zile mbili safi.

"Hiyo hata wewe hutaiweza," alimwambia Pili.

"Kwa nini, babu?"

"Siku nne nimesikiliza simu zenu. Mtu analia kwa ajili ya ndege. Ndege! Mwanaume mzima, ana ndevu, anasema kanga wetu, kanga wetu. Mwanangu nilimkuta Mikese amekatika hapa na hapa. Nikamuosha. Nikawaosha na wenzake sita. Klabu ikasema tutawaweka juu ya mlima, hawatasahaulika. Nikauliza: kuna aliyezitaja nyota? Mdogo wako akanicheka."

"Basi ungemuua yeye," alisema Pili. Lilimtoka hivyo.

"Yeye niliwaachia nyie mmuue. Sauti yake mnayo."

Sajenti alimtazama mzee huyu kama aliyemwona sasa hivi.

"Na Abdu?" aliuliza.

"Alhamisi usiku aliniambia, mzee, ukitoka sala ya alfajiri pita ukutani, nina kitu cha kukuonyesha. Nikapita. Yuko juu ya ngazi, na taa ya kichwani, anapaka nyeupe. Nyota sita keshazifuta. Anaifuta ya saba. Akanisikia, akasema, shikamoo mzee, ngoja nishuke. Anacheka. Nikavuta ngazi. Alikuwa anaita mama. Nikachukua kopo."

"Halafu ukamfunga vidole."

"Maiti haachwi ovyo," alisema mzee, kama anayemfundisha mtoto.

Sajenti alitoa kwenye bahasha karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Hii ilikuwa mfukoni mwa shati la marehemu. Nilidhani ni michoro ya kazi."

Mzee hakuwa na miwani. Pili aliishika. Alisoma polepole, kama alivyozoea, kidole kikifuata mistari. Lilichorwa duara jeupe lenye B, na kulizunguka, nyota saba mpya za dhahabu. Chini ya kila nyota jina. Pembeni Abdu alikuwa ameandika: *nyeupe kwanza, ikauke, ndipo nyota. Ya kwanza aipake mzee mwenyewe.*

"Jina la kwanza?" aliuliza mzee.

"Rehani Kibwana."

"Rudia."

"Rehani Kibwana, babu."

Mzee alitazama mikono yake. Kisha akainyoosha mbele ya Sajenti, vifundo pamoja, sawasawa, kama alivyowapanga wengine maisha yake yote. Wakati wa kupanda gari aliuliza swali moja tu: yeye ataoshwa na nani?

*

Jumatatu saa tano Mansuri aliachiwa. Benchi zima lilisimama kumpokea. Walimbeba juujuu, na yule aliyemtemea mate ndiye aliyeshika mguu wa kulia. Kisha wakaenda nyumbani kwa Mzee Kibwana kurusha mawe juu ya bati, na bibi yuko ndani.

Mansuri hakwenda. Alikaa uani karibu na Pili, akawasha simu yake. Sauti mia sita na kitu zilikuwa zinamsubiri. Alizifungulia kwa sauti kubwa, moja baada ya nyingine. Kamanda karudi! Mzee mchawi yule. Allen ajiuzulu. Kanga arudishwe. Video ile mtu ameitilia muziki, ganda la chungwa linagonga shavu, linarudi nyuma, linagonga tena.

Pili alikuwa anasugua jezi namba tisa. Alisikiliza mpaka ya mwisho.

"Abdu hawamtaji," alisema.

"Eeh?"

"Zote hizo. Hakuna aliyemtaja."

"Dada, watu wamefurahi tu, waache."

Akanyoosha mkono wenye povu. "Hebu nipe niione."

Mansuri akampa. Pili aliiangalia ile video mara moja, mpaka pale ganda lilipogonga. Kisha akaizamisha simu kwenye beseni, chini kabisa ya jezi, akaendelea kusugua.