Njia ya Mtoni kwenda Minneapolis

Sahani ya samaki ilikuwa imebaki moja, na kwenye foleni walikuwa wamebaki watu wawili. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Milwaukee haipiki nyumbani, na ukumbi wa chini ya kanisa ulinuka mafuta ya kukaangia na makoti yaliyolowa theluji. Bia zilipitishwa juu ya vichwa vya watu. Renata Jablonski alikuwa bado na sare yake ya udereva wa basi la jiji, koti la buluu limefungwa mpaka shingoni, nywele nyekundu zimebanwa ovyo kwa kibanio. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mwenye sweta ya sufu ya kijivu na macho ya upole.

"Chukua wewe, kaka," Renata akamwambia. "Naona umechoka kuliko mimi."

"Hapana, hapana. Chukua tu."

Renata akachukua. Kwao mtu akisema hapana, amesema. Akaketi, akamkamulia samaki limau, akaanza kula, na yule mwanamume akabaki pale pale akimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Mbona unanikodolea macho? Si umesema hutaki?"

"Nimesema, ndiyo," akajibu, na kutabasamu kidogo.

"Kaa basi ule viazi vyangu. Na ukikataa nakumwagia."

Akakaa, akavimaliza vyote. Jina lake lilikuwa Arne Tollefsrud, fundi wa lifti, mzaliwa wa Minnesota. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na laiti Renata angemwangalia vizuri jioni ile alivyokuwa akimeza mate, angejiepushia kilio kikubwa.

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, Arne akapata kazi ya kusimamia mafundi wenzake huko Minneapolis. Walikubaliana kwamba kabla hajahama, Jumamosi moja waende huko kwa gari, safari ya kutwa nzima, Renata auone mji na aonane na mama mtu. Renata alifurahi kama mtoto. Akanunua gauni la kijani kwa ajili ya mama mkwe, kisha akatandaza ramani ya karatasi juu ya meza ya jikoni, akaigandamiza kwa chupa ya haradali upande mmoja na bakuli la jibini upande wa pili.

"Tunatoka alfajiri," alisema, kidole kikitembea. "Barabara kuu mpaka La Crosse, halafu tunaachana nayo. Tunafuata mto Mississippi, kijiji kwa kijiji. Pepin tunashuka kula pai."

"Barabara kuu inafika haraka, mpenzi."

"Kwani huko kunaungua? Mimi mwaka mzima naendeshwa na kengele ya abiria. Kengele ikilia, nasimama. Siku moja tu, Arne, nataka kusimama ninapotaka mimi!"

Arne akacheka, akambusu utosini. "Sawa, dereva. Tunapita mtoni."

Renata akaweka kalamu chini. Neno hili alikuwa nalo kifuani tangu habari za kazi zilipofika.

"Arne. Ukihama, nije na wewe? Tukaishi huko, sisi wawili?"

Arne akainamia ramani. Masikio yakamwiva. "Aa, hapana. Usijisumbue, Renata. Kazi yako iko hapa, mama yako yuko hapa. Ni mbali."

Renata alingoja. Arne naye, amini usiamini, alikuwa anangoja.

"Haya," Renata akasema.

"Haya nini?"

"Haya, nimesikia." Aliikunja ramani kama anayekunja tambara la deki, akambandika nayo kifuani. "Jumamosi nenda mwenyewe. Pita barabara kuu, utafika haraka."

Mlango aliubamiza mpaka jirani akachungulia.

Wiki ile abiria wake walikiona cha moto. Alifunga breki kwa hasira, alifungua milango kwa hasira, na bibi mmoja aliyemtakia siku njema aliambiwa, "Njema kwa nani?" Kwenye taa nyekundu alifuta machozi kwa mkono wa koti, taa ikawaka kijani, akaendelea. Kilichomuuma si kukataliwa tu. Ni kukataliwa kwa upole, kama mtu anayeombwa ainuke kwenye kiti cha mtu mwingine.

Arne akapiga simu.

"Renata, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Mpenzi ni mtu anayetakiwa."

"Nani kasema hutakiwi?"

"Wewe! Kwa mdomo wako!"

"Mimi nilisema usijisumbue."

"Ehe, tofauti yake?"

Arne akakohoa. "Basi, sitaki kukusumbua zaidi."

Renata akakata simu, akaitupa kitandani, akairushia na mto.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Arne kuchukua buti zake za theluji. Alivaa lile gauni la kijani makusudi, limuume. Mlango ulikuwa wazi, masanduku yamejaa sebuleni, na Arne alikuwa ameinama akifunga kamba, simu mezani ikitoa sauti ya dada yake.

"Nikuletee lile kochi letu la zamani?"

"Aa, hapana, Signe. Usijisumbue. Ni mbali."

Renata akaganda, buti mkononi. Maneno yale yale. Sauti ile ile.

"Mbali wapi? Gari tunalo."

"Hapana bwana, mna mambo yenu."

"Arne, nakuletea kochi."

"Haya basi, kama kweli si usumbufu. Nashukuru sana. Nalipenda mno lile kochi."

Buti zikaanguka sakafuni. Arne akageuka, akaliona gauni, akakata simu bila kuaga.

"Kumbe ulikuwa unalitaka!" Renata akasema.

"Kochi? Ndiyo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Lakini mtu hakubali mara ya kwanza, Renata. Ataonekana mlafi. Unakataa, unakataa tena, wakikuuliza mara ya tatu ndipo unakubali. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Mimi najua? Na yule samaki?"

"Nilikuwa nakufa njaa," Arne akakiri.

Mwingine angecheka. Renata hasira zilimpanda upya, kubwa kuliko za mwanzo. "Wiki nzima nalia mbele ya abiria kwa sababu sikukubembeleza kama dada yako na kochi?"

"Nilingoja uulize tena."

"Na mimi nilingoja useme ndiyo! Nilishauliza, Arne. Ile moja tu ilinitoa roho. Ulidhani nina nyingine mbili mfukoni?"

Arne alielewa, na ilimwingia mpaka kwenye mifupa. "Nimekukosea," akasema. "Nakutaka Minneapolis. Nakutaka asubuhi na jioni. Renata, nikuoe?"

"Hapana," Renata akasema.

Hiyo ilikuwa ya kumkomoa, na Arne aliijua. Akaanza hata kutabasamu. "Nakuomba. Uwe mke wangu."

"Hapana."

Hiyo haikuwa mzaha. Renata mwenyewe aliisikia ilivyotoka, na machozi yote ya kwenye basi ndani yake. Tabasamu la Arne likafutika. Kwao mtu huuliza tena akijua anachokwenda kujibiwa. Leo hakujua.

Alisimama katikati ya masanduku.

"Sijui utasema nini safari hii," akasema. "Naogopa kweli. Lakini nauliza. Utaolewa na mimi?"

Hivyo ndivyo Renata alivyokuwa siku ile jikoni, na sasa walikuwa sawa.

"Ramani iko wapi?"

Arne akaitoa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Alikuwa ameinyoosha, mkunjo kwa mkunjo.

"Tunapita mtoni?"

"Tunapita mtoni."

"Na pai?"

"Na pai."

"Basi ndiyo," Renata akasema, uso bado ameukunja, na kumpokonya funguo za gari. "Naendesha mimi. Na mama yako akinikaribisha kahawa, nakubali mara ya kwanza."