Chungu Kisichokuwa na Mlango

Chungu kilitoka motoni kikiwa kimelowa.

Spès alikivuta kutoka kwenye majivu kwa fimbo, akakigusa, akakuta kinatoka jasho kama mtu aliyekimbia. Chungu mwenzake, kilichochomwa ubavuni kwake kwa moto uleule, kilikuwa kikavu na kililia vizuri alipokigonga kwa ukucha. Vyote viwili vilikuwa na michoro yake, ya kwanza tangu aanze kufinyanga na bibi yake pale Litapunga.

Michoro aliitoa kitabuni. Shule ilimwishia kidato cha pili, mama yake alipofariki na bibi Séverine akabaki bila wa kumshika mkono, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Spès alibaki na bikari ya hesabu, na kitabu cha historia alichopewa na mwalimu Capitoline, chenye kurasa nne za vyungu vya Wagiriki wa kale. Alizijua kwa moyo. Kwanza walichora duara ndani ya duara, kwa bikari kama yake. Kisha mistari ya kona, inayojikunja na kujirudia mpaka chungu chote kikajaa. Kisha watu: maiti kitandani, wanawake wameshika vichwa, vifua vya pembetatu, nyuso zisizo na kitu. Baadaye wakaja simba, kwa mtindo wa nchi za mashariki, na macho yakaanza kuchongwa kwa ncha ya chuma.

Yeye alichora duara tu. Lakini kuna kosa alilolifanya. Bibi, kila anapochora mstari wa shingoni, huacha nafasi ya upana wa ukucha. "Huo mlango," husema. "Udongo tunauchimba kwenye makazi ya watu tusiowaona. Aliyekuja nao apate pa kutokea." Mistari ya Wagiriki haikuwa na nafasi. Spès aliona ile nafasi inakifanya chungu kionekane kimechorwa na mtu asiyesoma. Akaiunga, kwenye vyungu vyote viwili.

"Uliacha mlango?" bibi aliuliza jioni ile.

"Niliacha, nyogokuru," alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Kabula, mama wa Kisukuma anayeishi ng'ambo ya bonde, alichukua kile kikavu, akagandishie maziwa. "Fundi umeiva," alicheka. "Vya bibi yako siku hizi vimepinda kama vimekanyagwa na ng'ombe!" Chenye jasho kikabaki bandani.

Asubuhi, chini ya zile duara, palikuwa na mistari ya kona. Spès hakuichora, na bibi asingeweza kuiona. Banda lilinuka mvua, na ilikuwa kiangazi, Julai, vumbi hadi puani. Ndani ya chungu kitu kilikuwa kikikwaruza, kwaruu, kwaruu, polepole, kama mtu anayetafuta pa kupenya.

Saa saba mchana alichukua ndoo kwenda kisimani. Njia ile huwa imenyooka, lakini leo ilikata kona kulia, akaifuata, ikakata tena kulia, kisha kushoto, na kila kona ilikuwa kali kama ya rula, na jua lilikuwa limesimama utosini bila kusogea, na aliposikia harufu ya mvua alijua kabla hajainua macho kwamba yuko tena mlangoni mwa banda, ndoo tupu, na kile kitu ndani kinakwaruza kwa kufuata hatua zake.

"We Spès!" Kabula aliita kutoka barabarani. "Unazunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia! Umepoteza nini?"

"Njia," alijibu kwa sauti ndogo.

"Si hiyo hapo miguuni kwako!" Kabula akaenda zake akicheka.

Jioni bibi alishikwa na homa akiwa bandani, akalazwa palepale. Siku ya tatu mistari ilikuwa imejaa chungu kizima, na katikati palikuwa na mchoro wa kitanda. Aliyelala juu yake alifunikwa nguo ya mirabaraba. Wanawake wawili walishika vichwa. Spès aligeuka akalitazama blanketi la bibi. Mirabaraba.

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Nyogokuru, nilikudanganya. Niliufunga."

Bibi alipapasa mpaka akaupata mkono wake. "Basi tumo ndani wote," alinong'ona.

"Nikivunje?"

"Ukikivunja, kila kigae kitakuwa nyumba yake. Mfungulie."

Spès alichukua bikari, akaweka ncha kwenye mstari wa shingoni. Mkwaruzo ukanyamaza. Kisha sauti ya bibi ikatoka ndani ya chungu, tamu, ya zamani, ya enzi macho yake yalipokuwa mazima: "Acha, mjukuu wangu. Ukifungua nitatoka, hutaniona tena." Spès akainua ncha. Nyuma yake bibi alikohoa, kikohozi kile kikavu anachokijua, na Spès akakwangua huku akilia, akakwangua mpaka ukatokea upana wa ukucha, na pumzi ya moto ikampita shavuni ikatoka nje.

Chungu kikakauka. Kitanda kikabaki kitupu. Kufikia saa kumi bibi aliomba uji, na njia ya kisimani ilikuwa imenyooka.

Ndipo simu ikaita. Kabula.

"Fundi, una dawa gani wewe? Juzi chungu chako kilikuwa na duara tu. Leo kina simba! Tena ana macho, kila nikisogea ananitazama."

Spès alikumbuka ule ukurasa wa simba.

"Nilitaka nije nikusifu," Kabula aliendelea, na kicheko chake kilikuwa kimepungua, "ila tangu asubuhi nikitoka najikuta mlangoni kwangu. Na mwanangu Mwandu hajaamka. Amechemka mwili mzima."

"Usikivunje, mama Mwandu! Nakuja!"

Alishika bikari akakimbia. Njia ya bondeni ni moja, hata ng'ombe wanaijua, na imenyooka, alijiambia, imenyooka. Alipovuka shamba la mwisho la mihogo harufu ya mvua ilimpiga usoni, na mbele yake njia ikakata kona kulia.