Aina Zote Zipo

Kila Jumamosi asubuhi, Cicily alichukua panga na kamba, akapanda kilimani nyuma ya nyumba ya shangazi yake Njoki, kule Kiambere, kutafuta kuni. Shangazi, mfugaji wa nyuki, alikuwa amemwagiza: "Kata kidogo kwa kila aina ya mti. Nyuki wanataka maua ya zamu, mti huu ukimaliza kuchanua mwingine uanze."

Lakini mgunga una miiba, na Cicily alivipenda vidole vyake. Akawa anakata mikole na milama tu, miti isiyo na miiba, hadi kwenye visiki. Kwa kila aina aliacha mti mmoja, ili akiulizwa awe na la kusema.

"Umeacha aina zote?" Shangazi aliuliza.

"Zote zipo, Shangazi."

Migunga ikachanua, kilima kizima kikanukia, kisha maua yakapukutika kwa pamoja. Kumbe hapakuwa na zamu nyingine ya maana. Nyuki wa mzinga mmoja wakahama. Mizinga yote aliichonga marehemu mume wa Shangazi, na huo mtupu ulimtia simanzi kubwa.

"Ni Kiambi na dawa anayopulizia ndengu zake," alisema, akijifunga leso kiunoni. "Leo atanieleza."

Cicily akamkimbilia mlangoni. Mzee Kiambi, jirani yao, hakuwa na kosa lolote.

"Shangazi, usiende. Ni mimi." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Shangazi akakaa kitako. Kisha akanyoosha kidole kwenye sufuria ya mahindi jikoni. "Nikitia humu punje moja ya maharagwe, nimepika githeri?"

"Hapana."

"Lakini aina zote zipo."

Cicily akacheka huku analia.

Waliwawekea nyuki waliobaki maji ya sukari. Tangu siku hiyo, Cicily alivaa glavu za kurinia asali, akakata matawi ya mgunga na kuviacha visiki vipumzike. Mvua ikanyesha, visiki vikachipua. Mwaka uliofuata, mikole na milama ilipochanua, mzinga mtupu ukaanza tena kuvuma. Cicily alihisi mzigo umemtoka kifuani.

Shangazi akauwekea mzinga kiganja, akatabasamu. "Kilima hakitajiriki kwa kuwa na kila aina tu, mwanangu. Kila aina lazima ipate nafasi ya kutosha. Ukweli nao ni hivyo hivyo: punje moja ndani ya sufuria ya uongo haitoshi."