Bega la Kulia la Anna

Nilifungua mlango nikiwa na mswaki mdomoni. Mbele yangu alisimama mwanamume mrefu, sare yake ya jeshi imenyooka kwa pasi.

— Wewe ndiye Gervais wa Anna?

— Ndiye mimi. Na wewe ni nani wake?

— Usinikunjie uso, kaka. Naitwa Fahmi, nina mke na mapacha. Nafanya kazi na Anna. Alhamisi saa nne asubuhi anavishwa cheo cha ukapteni. Kaniomba nimbandike alama ya cheo bega la kulia. Nimekataa, maana bega hilo lina mwenyewe.

Nikakaa kwenye ngazi. Bega la kushoto ni la mama yake, Mama Rosemary. La kulia niliahidi kulivisha mimi, miaka minne iliyopita, siku Anna alipoanza uluteni katika jeshi la Marekani. Nilikuwa mwanafunzi wa historia, nalala kwenye sofa la mjomba hapa Riverdale Park, nje kidogo ya Washington.

Nilijua kwa nini amenificha. Alhamisi hiyohiyo, saa nne, nilikuwa na usaili Washington, kwenye jumba la kuhifadhi nyaraka za kale. Kazi yenyewe ni kuchambua barua za maofisa wa karne ya kumi na tisa na jinsi walivyopanda vyeo. Ndiyo mada niliyoisomea. Niliingoja mwaka mzima huku nikiogesha wazee kwa malipo ya saa.

Nikampigia Anna simu.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ningekuambia, ungekuja.

— Ndiyo.

— Basi ndiyo sababu. Nenda kwenye usaili wako, Gervais. Mimi vyeo vingine viko mbele.

Nikamsimulia habari za luteni mmoja ambaye nilizisoma barua zake. Enzi zile mtu alipanda pale aliyemtangulia alipokufa au kuacha kazi, kwa hiyo yeye alikaa uluteni miaka kumi na sita. Kila mwaka mkewe alimwandikia kwamba siku ikifika, atamshonea alama za cheo kwa mkono wake. Siku ilifika mke ameshazikwa. Luteni akaandika mstari mmoja: nimejishonea mwenyewe, na sindano imenichoma.

Anna akauliza:

— Hiyo uliiweka kwenye utafiti?

— Profesa aliikata. Alisema haihusu kupanda vyeo.

Niliwaandikia watu wa jumba la nyaraka kuomba siku nyingine. Walijibu kwa adabu kwamba siku nyingine haipo.

Alhamisi nilivaa suti niliyoinunua kwa ajili ya usaili. Walipoita, “Kapteni Anna Method,” binti wa dereva wa lori kutoka Singida alisimama mbele ya ukumbi mzima, kidevu juu, na Mama Rosemary akapiga kigelegele ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Nilijivuna kana kwamba cheo ni changu.

Nikaenda mbele, nikaanza kumbandika alama bega la kulia. Pini ikanichoma kidole. Anna akaona tone la damu, kisha akatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika saba.

— Umeshachelewa kule, akaninong'oneza.

Nikabana pini, nikalinyoosha bega lake.

— Hapa nimewahi.